Mke wa Pili wa Manderley: Riwaya Iliyogeuza Hadithi ya Mapenzi na Hofu

Mwezi Agosti 1938, mchapishaji Victor Gollancz wa London alipeleka madukani riwaya mpya iitwayo Rebecca. Mwandishi wake, Daphne du Maurier, alikuwa na umri wa miaka 31, na tayari alikuwa na jina kwa sababu ya Jamaica Inn, hadithi ya genge la pwani ya Cornwall lililopotosha meli zigonge miamba ili liziibe shehena. Kitabu kipya kilisimulia habari za msichana maskini anayeolewa na mgane tajiri, anayehamia katika jumba lake kando ya bahari, na anayekuja kujua kwamba mumewe ndiye aliyemuua mke wa kwanza. Hadithi za mume mwenye siri zilikuwa zimesomwa Uingereza kwa muda mrefu. Jipya lilikuwa hili: msichana akishaujua ukweli, hakimbii wala haendi polisi. Anabaki, anampenda mumewe zaidi, na anamsaidia kuficha.

Ili tuone uzito wa hatua hiyo, yafaa turudi nyuma kidogo. Riwaya za hofu zilianza Uingereza mwishoni mwa mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, hadithi ya ngome ya kale, mtawala katili na binti anayekimbia gizani. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1794, Ann Radcliffe alitoa The Mysteries of Udolpho na kulifanya jambo hilo kuwa la kawaida zaidi, na kwa hiyo la kutisha zaidi. Mizimu ya Radcliffe hatimaye hupata maelezo ya kawaida. Kinachobaki bila kuyeyuka ni binadamu. Montoni, bwana wa ngome ya Udolpho, anamfungia mkewe na kisha kumtisha mpwa wa mkewe ili amwandikie mali yake. Hofu ya kitabu kile imo katika karatasi ya kutiwa saini.

Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Kwa sheria ya Uingereza, mwanamke akiolewa, fedha na vitu vyake viliingia mikononi mwa mumewe, na hakuweza kushitaki mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Hali hiyo ilianza kulegezwa na sheria ya mwaka 1870, na ikabadilika kwa kiasi kikubwa kwa sheria ya 1882. Kwa hiyo kwa karibu miaka mia moja baada ya Radcliffe, msichana aliyekubali posa alikuwa anakabidhi karibu kila alicho nacho kwa mtu ambaye pengine alikuwa amezungumza naye mara chache tu, tena mbele ya wazazi. Wapo wanaosema kwamba riwaya za hofu zilipendwa kwa sababu watu walichoshwa na akili kavu ya karne ya kumi na nane. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi kwa nini mateka katika vitabu hivyo karibu siku zote ni mwanamke, na kwa nini ngome ni nyumba ya mwanamume.

Katika vitabu vya Radcliffe, mpenzi na mtesi ni watu wawili tofauti. Mmoja ni mpole na hana nguvu. Mwingine ana nguvu na hana huruma. Waliowaunganisha ni ndugu wawili wa kijiji cha Haworth, Yorkshire, waliokua wakisoma mashairi ya Lord Byron na kuwafahamu mashujaa wake wenye kiburi na dhambi isiyotajwa. Mwezi Oktoba 1847 Charlotte Brontë, kwa jina la kubuni la Currer Bell, alitoa Jane Eyre. Mwezi Desemba mwaka huohuo dada yake Emily, aliyejiita Ellis Bell, akatoa Wuthering Heights. Rochester wa Charlotte ni mkali, mwongo na mwenye maumivu, na amemfungia mke wake mgonjwa wa akili orofani. Heathcliff wa Emily alidhalilishwa utotoni, akakua na kuwadhalilisha wengine kwa hesabu na kwa subira. Hapo ndipo mwanamume anayependwa alipokuwa pia mwanamume wa kuogopwa.

Lakini dada wote wawili walidai malipo. Heathcliff anakufa bila faraja ya duniani. Jane, mchumba wa Rochester, siku anapogundua siri yake, anaondoka akiwa na kifurushi kidogo tu, na nusura afe njaa njiani. Anarudi baada ya mambo mawili kutokea: jumba la Rochester limeungua, naye amepoteza macho na mkono mmoja, na Jane mwenyewe amerithi fedha za baba yake mdogo, akagawana na binamu zake na kubaki na pauni 5,000 zilizo zake. Anaingia katika ndoa akiwa na mali, mbele ya mwanamume aliyekwisha kulipa. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, maana ndiyo Daphne du Maurier aliyokuja kuivuruga.

Du Maurier alizaliwa London mwaka 1907 katika familia ya sanaa. Baba yake, Gerald, alikuwa mwigizaji mashuhuri wa jukwaani. Babu yake, George, aliandika riwaya ya Trilby. Familia iliponunua nyumba ng'ambo ya mto kutoka mji wa Fowey, Cornwall, binti huyo aliipenda pwani ile kuliko jiji, na katika matembezi yake alifika kwenye jumba la kale liitwalo Menabilly, lililokuwa limeachwa kwenye msitu, madirisha yamefungwa na mimea ikipanda kuta. Mwaka 1931 alitoa riwaya yake ya kwanza, The Loving Spirit. Ofisa wa jeshi, Frederick Browning, aliisoma, akaja Fowey kwa mashua kumtafuta mwandishi, na mwaka 1932 wakaoana.

Browning aliwahi kuwa na mchumba kabla ya Daphne. Daphne aliziona barua za mwanamke yule, zilizoandikwa kwa mwandiko wa kujiamini, na shaka ikamwingia kwamba mumewe bado anamkumbuka. Shaka hiyo aliibeba hadi Aleksandria, Misri, ambako Browning alikuwa akiongoza kikosi chake. Joto lilimchosha, na shughuli za mke wa kamanda, za kualika wageni na kuzungumza na watu asiowajali, zilimtesa zaidi kuliko joto. Alipokuwa huko mwaka 1937, wakati watoto wake wawili wameachwa Uingereza, alianza kuandika kuhusu mke wa pili asiyejua kuendesha nyumba na anayeandamwa na kumbukumbu ya mke wa kwanza aliyejua kila kitu. Jaribio la kwanza, la maneno yapatayo 15,000, hakuliridhia, akalichana. Aliporudi Uingereza mwishoni mwa mwaka huo aliendelea, na kabla ya katikati ya 1938 muswada ulikuwa umekamilika.

Kwa hiyo ipo sababu ya nyumbani kabisa: wivu wa mke kijana na kumkosa kwake Cornwall. Waandishi wengi wa wasifu wameishia hapo. Nadhani haitoshi, kwa kuwa wivu humpa mtu hisia tu, na riwaya huhitaji tukio. Tukio lenyewe linategemea mambo ya zama zile, na hasa talaka. Tangu mwaka 1857 mume wa Kiingereza aliweza kupata talaka mahakamani kwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe, na mwaka 1937, mwaka uleule du Maurier alipoanza kuandika, Bunge lilipitisha sheria iliyoongeza ukatili na kutelekezwa kuwa sababu za talaka. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1938. Maxim de Winter, mume katika riwaya, alikuwa na njia halali ya kuachana na Rebecca, mke wake wa kwanza. Siku tano tu baada ya harusi aliambiwa na mkewe mwenyewe alivyo. Badala ya kwenda mahakamani walifanya mapatano: Rebecca ataifanya Manderley, jumba la ukoo wa mumewe, kuwa nyumba inayosifiwa nchi nzima, naye Maxim atanyamaza. Alichokiogopa ni aibu, jina la ukoo kusemwa mahakamani na magazetini. Alimuua Rebecca baadaye, mke huyo alipomdhihaki kwamba mtoto wa mwanamume mwingine ndiye atakayerithi nyumba hiyo.

Mke wa pili anaingia katika mapatano hayo bila kujua. Tunamkuta kwanza Monte Carlo, ana miaka ishirini na moja, analipwa pauni 90 kwa mwaka ili afuatane na mama mmoja wa Kimarekani, ambebee vitu na avumilie maneno yake. Maxim ana miaka arobaini na miwili. Posa yake inatolewa asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, kwa namna ya mtu anayepanga safari. Mwandishi hampi msichana jina lolote tangu mwanzo hadi mwisho wa kitabu. Nyumbani Manderley anaitwa kwa jina la mumewe, jina ambalo masikioni mwa watumishi bado ni la marehemu.

Kuna tukio dogo linaloonyesha hali yake kuliko maelezo yoyote. Siku moja, katika chumba cha asubuhi kilichopangwa na Rebecca kwa mikono yake, anaangusha sanamu ndogo ya kauri, nayo inavunjika. Sanamu ni mali yake. Chumba ni chake. Yeye ndiye bibi wa nyumba. Lakini anaokota vipande, anavitia katika bahasha na kuvificha nyuma ya mtoto wa meza. Sanamu ikatafutwa, na mtumishi mmoja akashukiwa kuiba, hadi ikambidi msichana akiri mbele ya mumewe na mbele ya Bi Danvers, msimamizi wa nyumba aliyemlea Rebecca tangu utotoni. Bi Danvers ana adabu kamili, na adabu hiyo inauma kuliko tusi. Du Maurier aliyaandika mambo ya aina hii kwa kurasa nyingi kabla ya kutoa maiti hata moja. Ndiyo maana taharuki yake inashika: msomaji amekwisha kuzoea kuogopa kwa ajili ya kauri, na anapofika kwenye mauaji hana tena pa kujishikilia.

Siri inafumuka baada ya dansi kubwa ya Manderley, ambapo wageni huvaa kama watu wengine. Kwa ushauri wa Bi Danvers, msichana anavaa gauni jeupe la picha moja ya ukoo, asijue kwamba Rebecca alilivaa gauni kama hilo katika dansi iliyotangulia. Kesho yake meli inakwama katika ghuba, mpiga mbizi anateremshwa kuikagua, na chini anaikuta mashua ya Rebecca, na ndani yake mwili. Siku hiyohiyo Maxim anamweleza mkewe kila kitu: alimpiga risasi, akaizamisha mashua, na hakuwahi kumpenda Rebecca hata siku moja. Katika maneno hayo yote, msichana anasikia la mwisho. Anapata furaha asiyowahi kuipata, ya kujua kwamba yeye ndiye anayependwa. Kuanzia hapo anaacha kuogopa watumishi, anatoa amri, anakaa mahakamani wakati chanzo cha kifo kinachunguzwa, na anasubiri hukumu akiomba muuaji asijulikane. Maxim mwenyewe anasikitika kwamba ile sura ya kitoto aliyoipenda imempotea mkewe kwa saa ishirini na nne.

Hapa ndipo naona du Maurier alipoivuruga hesabu ya Charlotte Brontë. Jane alirudi kwa Rochester na pauni 5,000. Mke wa pili wa Manderley hana hata senti, na urithi anaoupata ni siri. Siri ndiyo inayomfanya awe sawa na mumewe, kwa sababu sasa anaweza kumwangamiza na hataki. Malipo yapo, maana jumba linateketea na wawili hao wanaishia kuhama kutoka hoteli hadi hoteli ugenini, lakini yanawapata pamoja, na kosa lenyewe halithibitishwi mbele ya hakimu. Mahakama inasema Rebecca alijiua. Daktari mmoja wa London anathibitisha kwamba alikuwa na saratani na hangeweza kuzaa, na kesi inaishia hapo.

Kitabu kilichapwa nakala 20,000 mara ya kwanza na tangu siku hiyo hakijawahi kukosekana madukani. Watu wamejadili sana kwa nini. Gollancz alikitangaza kama hadithi ya mapenzi, jambo lililomkera mwandishi, aliyesisitiza kwamba aliandika kuhusu wivu. Wengine wanataja majumba: kodi ya mirithi iliyowekwa mwaka 1894 na vifo vya Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeyafilisi mashamba mengi ya makabaila, majumba yakauzwa au kubomolewa, na msomaji wa 1938 alipoona Manderley ikiungua aliona habari za gazetini. Wengine wanataja ndoa na sheria zake. Maelezo ya majumba yanatusaidia kuelewa kwa nini Maxim aliithamini nyumba kuliko maisha ya mtu, na maelezo ya talaka yanatusaidia kuelewa ukimya wake. Furaha ya yule msichana hayaielezi. Hiyo inaeleweka kwa mtu aliyewahi kuwa si kitu machoni pa watu wote wa nyumba, kisha akapewa jambo moja ambalo yeye peke yake analijua.

Kusalimika kwa muuaji kuliwatia Wamarekani wa sinema katika mashaka. Mtayarishaji David O. Selznick alinunua haki za filamu na kumkabidhi kazi Alfred Hitchcock, na Selznick alitaka kitabu kifuatwe. Lakini kanuni za maadili za Hollywood zilikataza kuonyesha mtu aliyeua mkewe akisalimika. Katika filamu ya mwaka 1940, yenye Laurence Olivier na Joan Fontaine, Rebecca anaanguka, anagonga kichwa kwenye vyuma vya mashua na kufa mwenyewe. Maxim ameficha ajali tu. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Mamilioni ya watu waliifahamu Rebecca kwa njia hiyo, wakiamini kwamba mume hakuwa na damu mikononi. Du Maurier naye alitumia mafanikio ya kitabu kuipanga Menabilly mwaka 1943, akaikarabati na kukaa humo hadi 1969. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1947, ilimpasa aende New York kujitetea dhidi ya dai kwamba aliiba hadithi ya mwandishi mwingine. Daftari lake la maandalizi liliwasilishwa mahakamani kama ushahidi, na dai likashindwa.

Wimbi lililofuata lilitokea katika vitabu vya bei nafuu vya Marekani. Mwaka 1960 Eleanor Hibbert, kwa jina la Victoria Holt, alitoa Mistress of Mellyn, hadithi ya mwalimu wa mtoto katika jumba la Cornwall lenye bwana mkimya na mke wa kwanza aliyetoweka. Wachapishaji wakaona soko. Kwa zaidi ya miaka kumi rafu zilijaa vitabu vyenye jalada la aina moja: msichana aliyevaa gauni refu anakimbia usiku, na nyuma yake kuna jumba jeusi lenye dirisha moja linalowaka taa. Mwaka 1973 mwandishi Joanna Russ alichapisha makala ya uchambuzi akionyesha kwamba vitabu hivyo vina kanuni: shujaa wa kike anamshuku mumewe kwa kurasa mia mbili, kisha mwovu anageuka kuwa mtu mwingine. Mume ni mkali kwa sababu ana huzuni, basi. Ukivitazama kwa makini, vitabu hivyo ni watoto wa filamu ya Hitchcock kuliko wa riwaya ya du Maurier.

Vilianza kufifia miaka ya 1970. Talaka bila kutafuta mkosaji ilianza California mwaka 1970, na Uingereza ikalegeza sheria yake mwaka uliofuata. Mke mwenye shaka alikuwa na mlango wa kutokea. Yaweza kuwa pia kwamba soko lilishiba tu, na sioni haja ya kuchagua sababu moja. Mwaka 1972 kampuni ya Avon ilichapa The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, ambamo mwanamume anamlazimisha mwanamke kingono kwanza na kumpenda baadaye, na hatia ikarudi kwa mpenzi mwenyewe. Amazon ilipofungua njia ya kuchapisha vitabu vya kielektroniki mwaka 2007, mwandishi hakuhitaji tena kibali cha mhariri. Katika riwaya za mapenzi ya giza za leo, shujaa anaweza kuwa muuaji tangu ukurasa wa kwanza, mara nyingi pamoja na onyo kwa msomaji mwanzoni, na aghalabu wapenzi wawili hupokezana sura ili kila mmoja ajieleze.

Maxim hakupewa sura hata moja. Anasikika kupitia mkewe peke yake, na kwa hiyo karibu ubaya wote wa Rebecca tunaoujua unatoka kwa mtu aliyempiga risasi, ukiwa umesimuliwa kwa mwanamke anayetamani kuusadiki. BBC ilipotengeneza tamthilia ya kitabu hicho mwaka 1979 ilirudisha risasi, na filamu ya mwaka 2020 ikafanya hivyohivyo, lakini Rebecca mwenyewe alibaki bila utetezi. Mwandishi Sally Beauman ndiye aliyemwandikia utetezi huo katika Rebecca's Tale ya mwaka 2001, miaka kumi na miwili baada ya kifo cha du Maurier. Humo, marehemu ameacha daftari, na katika daftari hilo anazungumza.